Victor Horta, arshitekti aliyejenga magazini mapya ndani ya muji wa zamani

Hii mambo munaijua wote. Katikati ya muji kuna nyumba ya zamani, ya wakati wa mukoloni, yenye pembe za mviringo na baraza mbele. Siku moja mwenye parseli anaiuzisha kwa mufanya biashara. Kisha wiki chache nyumba imekwisha kubomolewa, na pale pale kunapanda etaji tano za beto na vioo, magazini chini, ofisi juu. Wengine wanafurahi sababu biashara na kazi zinakuja. Wengine wanalalamika kwamba muji unapoteza sura yake. Kwa wakaaji wa Bukavu, ambako nyumba nyingi za avenue Patrice Lumumba zilijengwa mbele ya uhuru, mabishano hayo hayaishi.

Leo tunawaelezea maisha ya mutu mumoja aliyekutana na ulizo lile lile zaidi ya miaka mia moja iliyopita: namna gani kuingiza nyumba mupya ya biashara ndani ya kartie ya zamani, bila kuiharibu na bila kujidanganya kwamba dunia haibadiliki? Anaitwa Victor Horta, arshitekti wa Ubelgiji. Tunamuchagua juu ya sababu ingine pia. Mali ya nchi yetu iko ndani ya historia yake, hata kama yeye hakufika huku hata siku moja.

Mutoto wa mushona viatu

Victor Horta alizaliwa Gand, mwezi wa kwanza mwaka 1861. Baba yake alikuwa fundi wa kushona viatu, na ndani ya nyumba walikuwa watoto wengi. Kwanza walimutuma kusoma muziki. Haikuenda vizuri: alifukuzwa kwenye shule ile juu ya tabia mbaya. Lakini akiwa na miaka 12 hivi, alikuwa amekwisha kusaidia mujomba wake kwenye kazi ya ujenzi, na kule njo roho yake ilibaki. Akaenda kusoma uchoraji wa majengo kwenye Akademia ya Gand.

Mwaka 1878 akaenda Paris, akafanya kazi kwa fundi mumoja wa kupamba nyumba kule Montmartre. Paris ya wakati ule ilikuwa inajifunza kutumia chuma na vioo: stesheni za treni, masoko, magazini makubwa yenye paa la vioo. Kijana akaona yote hayo kwa macho yake. Baba yake alipofariki mwaka 1880, akarudi nyumbani, akaoa, akahamia Bruxelles na kuendelea kusoma.

Mwalimu wake mukubwa kule Bruxelles alikuwa Alphonse Balat, arshitekti wa mufalme Leopold wa Pili. Balat njo alijenga nyumba kubwa za vioo za Laeken, ambamo mufalme alitunza mimea ya inchi za joto. Horta akafanya kazi kwake. Akajifunza vitu viwili ambavyo vilimufuata maisha yote: heshima ya mawe yaliyochongwa vizuri, na uhodari wa kupinda chuma hata kifanane na tawi la muti.

Mwangaza katikati ya nyumba

Ili kuelewa magazini ya Horta, inatakiwa kwanza kuelewa nyumba ya kawaida ya Bruxelles. Parseli ni nyembamba mbele, ndefu nyuma. Jirani kushoto, jirani kulia, ukuta kwa ukuta. Vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, na chumba cha katikati kinakaa gizani, sababu hakina dirisha popote. Watu walizoea vile kwa miaka na miaka.

Mwaka 1893 Horta alimaliza nyumba ya profesa Tassel. Kwa nje, inakaa kwenye mustari mumoja na nyumba za majirani, haijitupi mbele, haipiti kimo. Lakini ndani alifungua katikati. Akaweka ngazi na paa la vioo pale ambapo kulikuwa giza, ili jua lishuke toka juu mpaka chini. Nguzo za chuma zikabeba uzito, kuta nzito za ndani zikaondoka. Na zile nguzo hakuzifunika. Akaziacha zionekane, zikipanda kama shina na kujipinda kama mizizi. Mutindo huo uliitwa Art nouveau, na nyumba ya Tassel inahesabiwa kati ya za kwanza kabisa.

Wazo hili la kuleta mwangaza kutoka juu, kwa sababu jirani amefunga pande zote, njo ufunguo wa kazi yake yote ya biashara iliyofuata.

Nyumba ya mutawala wa Congo

Hapa historia inatuingilia sisi wenyewe. Mwaka 1895 Horta alianza kujengea nyumba mutu anayeitwa Edmond van Eetvelde. Huyu alikuwa katibu mukuu wa Dola Huru ya Congo, ile iliyokuwa mikononi mwa Leopold. Yaani amri nyingi zilizotufikia huku zilipita kwenye meza yake. Nyumba ile ina uso wa chuma na vioo, na katikati bustani ndogo ya ndani yenye paa la vioo vya rangi. Ni nzuri sana, hakuna wa kubisha.

Lakini tukumbuke miaka ile ilikuwa nini huku kwetu. Ilikuwa miaka ya raba nyekundu, ya vijiji vilivyochomwa, ya wanawake waliofungwa mpaka waume walete mipira ya porini. Serikali ya Leopold iligawa pembe za tembo kwa wasanii wa Ubelgiji ili bidhaa za Congo zipate soko. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Tervuren kuonyeshwa kwa watu kama wanyama, na saba walikufa kule. Wasanii wa mutindo mupya walipamba maonyesho yale kwa mbao za Congo. Horta mwenyewe aliombwa kuchora jengo la Congo kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, lakini mupango ule ulikufa, jengo halikusimama.

Ule mustari wa kujipinda ambao Horta aliupenda, kwenye vitabu unaitwa mustari wa mujeledi. Babu zetu walijua mujeledi kwa njia ingine, ule wa ngozi ya kiboko. Kuna wanahistoria wa leo wanaouliza kama majina hayo mawili yalikutana bure tu. Hatutaamua hapa. Lakini mutu akisifu uzuri wa nyumba zile, aseme pia feza zilitoka wapi.

Jumba la Watu kwenye mutelemuko

Na huyu huyu aliyejengea matajiri, mwaka 1895 alipewa kazi na chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji. Walitaka Maison du Peuple, Jumba la Watu, pamoja na magazini ya ushirika wao, kahawa kubwa, ofisi, na ukumbi wa mikutano.

Parseli ilikuwa ngumu: kipande cha udongo chenye sura mbaya, kwenye mutelemuko, kikizunguka nusu ya uwanja wa mviringo, kati ya muji wa juu wa matajiri na muji wa chini wa maskini. Horta hakulazimisha sanduku la pembe nne. Uso wa jengo ulijipinda kufuata uwanja wenyewe. Magazini na kahawa akaviweka chini, kwenye njia, mahali watu wanapita. Ukumbi wa mikutano, ambao unachukua watu zaidi ya 2.000, akaupandisha juu kabisa. Kwa kawaida ukumbi unawekwa chini, lakini kama angeuweka chini, nguzo zake zingekula nafasi yote ya biashara.

Wafanyakazi wengi walikuwa wanalala kwenye vyumba vya giza na unyevu. Horta alitaka wapate pale hewa na mwangaza ambao nyumbani hawakuupata. Jumba lilifunguliwa mwaka 1899.

Magazini ya rue Neuve

Kisha ikaja kazi ya magazini ya À l'Innovation, kwenye rue Neuve. Jina la njia ni Mupya, lakini njia yenyewe ni ya karne ya 17, nyembamba, nyumba zimebanana. Ilikuwa tayari njia ya biashara. Wenye magazini walitaka kitu ambacho mutu akipita, hata kama hana mupango wa kununua, anasimama.

Parseli ilikuwa na uso mudogo kwenye njia. Arshitekti mwingine angechukua moja ya njia mbili: kuiga nyumba za zamani na kutoboa madirisha madogo, ama kuleta sanduku geni lisilojali jirani. Horta akachukua njia ya tatu. Pande mbili, pale anapogusana na majirani, aliweka mawe ya graniti, mazito, yanayoelewana na kuta za njia. Katikati akafungua tao moja kubwa la chuma na vioo, toka chini mpaka karibu na paa. Kwa hiyo njia ilibaki na mustari wake, na magazini ikapata dirisha moja kubwa la kuonyesha vitu vyake.

Ndani kulikuwa ukumbi wa wazi, na etaji zimezunguka kama baraza, zote zinaangaliana. Juu, paa la vioo. Munaona ni lile lile wazo la nyumba ya Tassel, lakini limekuwa kubwa: jirani amefunga pande zote, basi jua linatoka juu. Magazini ilifunguliwa mwaka 1901, na ikajulikana mbali. Mwaka 1903 akachora Grand Bazar mbili, moja kwenye boulevard Anspach, ingine Frankfurt huko Ujerumani. Zote mbili hazipo tena.

Vitambaa na vito

Mwaka 1906 alimaliza magazini ya Waucquez, kwenye rue des Sables, njia ndogo ya muji wa zamani. Waucquez alikuwa anauzisha vitambaa kwa jumla. Hapa Horta hakurudilia ile dirisha kubwa ya rue Neuve. Njia ilikuwa ya kimya, na wateja walikuwa wafanya biashara wanaojua wanakokwenda. Kwa nje akajenga kwa mawe, kwa upole, nyumba ya heshima kati ya nyumba zingine. Ndani, ngazi pana, nguzo nyembamba za chuma, na ukumbi mukubwa chini ya vioo. Kila mama anayeuzisha vitenge sokoni anaelewa sababu: rangi ya kitambaa, unaijua kwa mwangaza wa jua, hapana wa taa.

Kisha alijengea familia ya Wolfers, mafundi wa vito na feza, magazini yao kwenye rue d'Arenberg, ikamalizika mwaka 1912. Philippe Wolfers alikuwa mumoja wa wale waliochonga pembe za tembo zilizotoka Congo. Mutindo ulikuwa umebadilika tena: hakuna tena matawi mengi ya kujipinda, mawe yametulia. Makabati ya magazini ile, ambayo Horta aliyachora yeye mwenyewe, leo yanaonekana kwenye musée ya Sanaa na Historia ya Bruxelles.

Magazini hizo tatu zinaonyesha kwamba hakuwa na dawa moja ya kila ugonjwa. Kila mara aliangalia njia ni pana ao nyembamba, mununuzi ni nani, bidhaa ni gani, na jirani ni nani. Uso wa jengo ulikuja nyuma ya majibu hayo.

Vita, na jengo lililoinama

Maisha ya nyumbani hayakuwa rahisi. Aliachana na bibi yake wa kwanza mwaka 1906, akaoa wa pili, Julia, mwanamuke wa Suède, mwaka 1908. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, alikwenda London kwenye mukutano juu ya namna ya kujenga upya miji ya Ubelgiji. Akashindwa kurudi katika inchi iliyokamatwa na Wajerumani. Akaendelea mpaka Marekani, akafundisha kule, na kurudi mwaka 1919.

Alirudi mutu mwingine. Feza zilikuwa zimepotea, chuma kilichopindwa kwa mukono kilikuwa ghali, na mutindo wa ujana wake ulikuwa umepita. Akauzisha nyumba yake nzuri ya rue Américaine. Akaanza kutumia beto na mistari iliyonyooka.

Kazi kubwa ya wakati ule ni Palais des Beaux-Arts. Hapa ndipo alikutana na masharti makali kuliko yote. Parseli iko kwenye mutelemuko, chini ya jumba la mufalme. Jengo lisipite kimo fulani, ili lisizibe macho ya mufalme akiangalia muji wa chini. Na muji ukadai tena kwamba upande wa rue Ravenstein kuwe na magazini, ili njia isife kibiashara. Juu ya hayo, bunge likakataa feza. Mupango uliokolewa na meya Adolphe Max pamoja na Henry Le Boeuf, mutu wa banki aliyependa muziki.

Horta alifanya nini? Alishuka chini ya udongo. Ukumbi wa muziki wa watu zaidi ya 2.000 akauzamisha ndani ya kilima. Mutu akipita kwenye njia anaona jengo la kimo cha kawaida, na magazini zake chini. Hajui kwamba nyuma ya ukuta ule kuna ukumbi mukubwa kama kanisa. Jumba lilifunguliwa mwaka 1928, na ukumbi wa muziki mwaka 1929. Mwaka 1932 mufalme Albert akamupa cheo cha baron. Mutoto wa mushona viatu akakuwa mutu wa daraja la juu.

Lakini tuseme ukweli wote. Horta alichora pia stesheni ya katikati ya Bruxelles, kwenye kazi ile kubwa ya kuunganisha reli za kaskazini na kusini. Kazi hiyo ilibomoa kartie nzima za zamani, na familia nyingi zilihamishwa. Stesheni yenyewe ilimalizika mwaka 1952 na mwenzake Maxime Brunfaut, yeye akiwa amekwisha kufa. Kwa hiyo yeye aliyejua kuelewana na njia nyembamba, aliingia pia kwenye kazi zilizozifuta njia zile.

Yaliyobomolewa na yaliyobaki

Victor Horta alifariki Bruxelles mwezi wa tisa mwaka 1947, na miaka 86. Mwishoni mwa maisha aliharibu sehemu kubwa ya michoro yake, sababu aliona hakuna mutu anayeitaka tena.

Karibu awe na haki. Mwaka 1965 walianza kubomoa Jumba la Watu. Maarshitekti zaidi ya 700 wa inchi mbalimbali walipinga, bila faida. Pale pale kukasimama munara wa ofisi wa etaji 26, ambao haujali uwanja wala mutelemuko. Vipande vya chuma vya Horta viliandikwa namba ili vije kujengwa tena mahali pengine. Havikujengwa. Vilitawanyika, vingine vikauzishwa kama chuma cha kutupa. Vichache vinaonekana leo kwenye kahawa moja ya Anvers na kwenye stesheni ya tramu ya chini ya ardhi yenye jina lake. Mpaka leo wataalamu wa miji, wakitaka kusema juu ya muji unaojiharibu wenyewe kwa majengo ya ovyo, wanatumia neno lililotokana na jina la Bruxelles.

Tarehe 22 mwezi wa tano 1967, À l'Innovation ilishika moto wakati wa adhuhuri, magazini ikiwa imejaa. Watu wapatao 250 walikufa. Hakukuwa na mitambo ya kumwaga maji kutoka dari, na moto ulipanda haraka kutoka etaji mpaka etaji. Hii ni sehemu chungu ya somo. Ukumbi wa wazi unaoleta mwangaza unaweza pia kubeba moshi na moto. Nyumba ya biashara inapopanuliwa na kujazwa bidhaa kwa miaka zaidi ya 60, uzuri wa arshitekti hauwezi kuokoa mutu kama milango ya kutokea na maji havikufuata.

Magazini ya Waucquez ilifungwa mwaka 1970, ikaanza kuoza. Mwanafunzi wa zamani wa Horta, Jean Delhaye, alipiga mbio huku na huku ili isibomolewe. Mwaka 1975 ikalindwa na sheria, na mwaka 1989 ikawa musée ya vitabu vya katuni. Watu wanatoka inchi nyingi kuitembelea, na njia ile ndogo imepata biashara tena. Nyumba yake ya rue Américaine ilinunuliwa na komini ya Saint-Gilles, ikawa musée mwaka 1969. Mwaka 2000 UNESCO iliandika nyumba zake nne kwenye orodha ya urizi wa dunia, na ya van Eetvelde ikiwemo.

Basi, ndugu zetu, hatusemi kwamba Bukavu ama Lubumbashi ziige Bruxelles. Na nyumba za mukoloni zina kumbukumbu zake, si zote tamu. Lakini mwenye parseli anayetaka kujenga magazini katikati ya muji wa zamani anaweza kumuuliza arshitekti wake maneno rahisi mbele ya kumwaga simenti. Jengo litafuata mustari wa njia ao litaukata? Mwangaza utatoka wapi kama jirani ameziba? Mutu anayepita kwa miguu atapata nini chini? Na siku ya moto, watu watatokea wapi? Horta alijibu matatu ya kwanza vizuri sana. La ine lilibaki, na liliua watu miaka 20 kisha kufa kwake.